Uvaaji wa Uhusika baina ya Mchezo na Maisha: Uhakiki wa Mikabala ya Michezo ya Mtandaoni kwa Kurejelea Nyanda za Juu za Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mikabala inayotumiwa kuainisha mitindo ya uvaaji wa uhusika miongoni mwa wachezaji wa michezo ya mtandaoni. Mikabala hiyo inapimwa kwa mifano ya uvaaji wa uhusika inayofahamika Afrika Mashariki: utani, ngoma ya beni, na ufichaji wa asili miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliojichanganya na wenyeji mkoani Kigoma baada ya mwaka 1972. Inajadiliwa kuwa ainisho la Bartle (1996) na lile la Yee (2006) yanaeleza anachokitaka mchezaji, lakini hayaelezi nani anajua kuwa uhusika umevaliwa, wala iwapo mvaaji anaweza kuuvua bila madhara. Kwa kuwa maswali hayo mawili ndiyo yanayotenga mchezo na maisha, makala yanapendekeza yawe msingi wa ainisho jipya, na yanaonyesha kuwa fasili ya sanaa za maonyesho iliyotolewa na Muhando na Balisidya (1976) ina nyenzo ya kuanzia kazi hiyo, ikiwa kipengele cha watazamaji kitafasiriwa upya.

1.0 Utangulizi

Kitenzi kucheza katika Kiswahili hubeba mzigo ambao katika lugha nyingine hugawanywa kwa maneno kadhaa. Mtu hucheza mpira, hucheza bao, hucheza ngoma na hucheza mchezo wa kuigiza. Onyo la “usinichezee” huashiria kuwa mchezo umevuka mpaka na kuingia mahali ambapo mtu anaweza kuumia. Methali isemayo mzaha mzaha hutumbuka usaha inakiri jambo hilohilo: mpaka kati ya mchezo na jambo la kweli upo, lakini hauonekani mpaka mtu atakapokuwa ameshauvuka.

Mpaka huo ndio kiini cha mjadala kuhusu uvaaji wa uhusika katika michezo ya mtandaoni. Tangu Roy Trubshaw na Richard Bartle walipobuni katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, mchezo wa maandishi uliowakutanisha watu wengi katika ulimwengu mmoja wa kubuni, wataalamu wamejaribu kueleza kwa nini wachezaji wawili wenye kanuni zilezile na uwanja uleule hucheza kwa namna tofauti kabisa. Mmoja huzungumza kwa sauti ya shujaa aliyemuumba na hukataa kutaja bei ya sukari au matokeo ya mpira akiwa mchezoni. Mwingine humchukulia shujaa huyo kama jembe: chombo cha kufanyia kazi, kisicho na nafsi. Wa tatu hutumia uhusika kuwa pazia la kujifichia.

Mjadala huo umeendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa kutumia mifano ya Ulaya na Marekani. Makala haya yanaupeleka mahali ambapo haukutarajiwa: nyanda za juu za Kigoma, yaani maeneo ya Kasulu na Kibondo pamoja na Muyama, kata iliyo katika Wilaya ya Buhigwe, ambayo ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu moja mahususi. Hapo, kwa zaidi ya kizazi kimoja, suala la nani ni nani, na nani anajifanya nani, limekuwa na matokeo makubwa kuliko kushinda au kushindwa mchezo. Mkabala unaodai kueleza uvaaji wa uhusika kwa ujumla wake hauna budi kusimama imara unapofikishwa hapo. Usiposimama, upungufu wake utakuwa umedhihirika.

2.0 Istilahi na Kiunzi cha Uhakiki

Istilahi uvaaji wa uhusika inatumika hapa kwa maana ya tendo la mtu kusema na kutenda kama mtu mwingine, awe wa kubuni au wa kweli, kwa muda fulani na mbele ya watu fulani. Istilahi hii inatofautishwa na uigizaji, ambao katika Kiswahili huhusishwa zaidi na jukwaa, matini na mazoezi. Mchezaji wa mtandaoni hana matini aliyokabidhiwa. Hubuni kadiri anavyokwenda, kama afanyavyo mtani msibani.

Uhakiki unaongozwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni fasili ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), inayotaka kuwapo kwa vipengele vinne ili tendo liitwe sanaa ya maonyesho: mchezo, mchezaji, uwanja wa kuchezea na watazamaji. Fasili hiyo ilitolewa katika kipindi ambacho kuwapo kwa drama ya Kiafrika kulikuwa kukitiliwa shaka. Ruth Finnegan (1970) alikuwa ameeleza kuwa drama kwa maana ya Kimagharibi haikuenea sana katika jamii za Kiafrika. Muhando na Balisidya, kwa kuanza na tendo badala ya jukwaa na matini, waliyapa nafasi matambiko, ngoma na masimulizi.

Chanzo cha pili ni dhana ya miktadha ya ujuzi iliyoasisiwa na Glaser na Strauss (1964) na kutumiwa na Gary Alan Fine (1983) katika utafiti wake kuhusu wachezaji wa michezo ya uhusika ya mezani. Dhana hiyo inatambua hali nne. Katika ujuzi wa wazi, kila mmoja anamjua mwenzake ni nani hasa. Katika ujuzi uliofungwa, mmoja hamjui mwenzake. Katika ujuzi wa shaka, mmoja anahisi jambo lakini hana hakika. Katika ujuzi wa kujifanya, wote wanajua ukweli lakini wanakubaliana, mara nyingi bila kutamka, kutenda kana kwamba hawaujui. Hali hizi nne ndizo mizani ya makala haya.

3.0 Uhakiki wa Mikabala Iliyopo

3.1 Ainisho la Bartle

Bartle (1996) anawagawa wachezaji katika makundi manne: watafutaji wa mafanikio, wavumbuzi, wapenda jamii na wauaji. Anayafananisha makundi hayo na aina nne za karata. Nguvu ya ainisho hili ni urahisi wake. Limedumu kwa miongo mingi kwa sababu mbunifu yeyote wa mchezo anaweza kulitumia kuangalia kama ulimwengu wake una mahali pa kila kundi.

Hata hivyo, msingi wake ni mwembamba. Kwa maelezo ya Bartle mwenyewe, ainisho lilitokana na majadiliano ya wachezaji waliobobea katika mchezo mmoja wa kibiashara nchini Uingereza, kati ya Novemba 1989 na Mei 1990, kuhusu swali la watu wanataka nini katika mchezo huo. Waliojadili walikuwa mabingwa, na mabingwa hueleza mchezo kutoka juu ya mlima. Mgeni ambaye bado hajui kama aseme kwa sauti yake au ya mhusika wake hakuwa na nafasi katika mjadala huo.

Upungufu mkubwa zaidi uko katika swali lenyewe. Kuuliza mtu anataka nini ni kuuliza kuhusu haja. Uvaaji wa uhusika haujengwi na haja peke yake. Hujengwa na uhusiano kati ya mvaaji, uhusika na wanaomwona. Mpenda jamii anaweza kuzungumza kama nafsi yake au kama malkia aliyembuni, na muuaji anaweza kuua kwa chuki yake mwenyewe au kwa kuwa mhusika wake ni jambazi na hadithi inamtaka aue. Ainisho linawaweka watu hao katika vyumba vya haja zao na kuacha bila jibu swali la nani hasa anayetenda.

3.2 Vichocheo vya Yee

Nick Yee (2006) alirekebisha hali hiyo kwa kutumia hojaji zilizojibiwa na maelfu ya wachezaji na kwa kukataa wazo kwamba mtu mmoja ni wa kundi moja. Anabainisha vichocheo vikuu vitatu: mafanikio, ujamaa na uzamaji. Uvaaji wa uhusika unawekwa chini ya uzamaji, pamoja na ugunduzi, upambaji wa umbo na ukimbiaji wa matatizo ya maisha. Hii ni hatua ya mbele, kwa sababu mchezaji anaruhusiwa kuwa na vichocheo zaidi ya kimoja.

Lakini kuuweka uvaaji wa uhusika chini ya uzamaji kunaufanya uwe jambo la ndani ya mtu: kiasi gani amezama, kiasi gani amejisahau. Seva za mchezo kama World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, zilizotengwa kwa ajili ya wavaaji wa uhusika zinaonyesha jambo tofauti. Huko kulikuwa na kanuni kuhusu majina yanayofaa na mazungumzo yanayofaa, na wachezaji walikuwa na alama za kuonyeshana kuwa sasa wanasema nje ya uhusika. Alama hizo hazimhusu mzamaji peke yake. Ni makubaliano ya kundi, na makubaliano ni jambo la kijamii kabla ya kuwa la kinafsi. Ukimbiaji wa matatizo nao, ambao Yee anauweka jirani na uvaaji wa uhusika, unachukuliwa kuwa ni kuyakwepa maisha kwa kuingia mchezoni. Hali ya mtu anayevaa uhusika ili aweze kuishi maisha yenyewe haina mahali katika jedwali hilo.

3.3 Mchango wa Fine na fundisho la LambdaMOO

Fine (1983) ndiye anayekaribia zaidi kiini cha suala. Anaonyesha kuwa mchezaji hukaa katika fremu tatu kwa wakati mmoja: mtu wa kawaida, mchezaji anayefuata kanuni, na mhusika anayeishi katika ulimwengu wa kubuni. Mhusika hajui anayoyajua mchezaji. Mchezaji lazima ajifanye hajui ili mchezo uendelee. Mchezaji aliyeona ramani ya mwenzake hatakiwi kumpeleka mhusika wake moja kwa moja kwenye hazina. Ujuzi wa kujifanya, kwa hiyo, ndio unaouwezesha mchezo kuwapo.

Tukio la LambdaMOO lilionyesha kinachotokea makubaliano hayo yanapovunjwa. Katika ulimwengu huo wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, mchezaji aliyetumia jina la Bw. Bungle alitumia programu ndogo kuandika matendo ya udhalilishaji wa kijinsia kana kwamba yametendwa na wahusika wa watu wengine. Julian Dibbell (1993) anasimulia jinsi wanajamii wa ulimwengu huo walivyojadili kwa uchungu kama lililotokea lilikuwa mchezo au kosa, hadi mmoja wa wasimamizi alipomfuta mhusika huyo. Waliodhalilishwa walijua kuwa maneno yale hayakugusa miili yao. Walichonyang'anywa ni haki ya kusema kwa kinywa cha mhusika wao wenyewe. Maumivu yao yanathibitisha kuwa duara la mchezo ambalo Huizinga (1938) alilieleza lina ukuta unaovuja.

Kutoka ulimwengu huohuo, Lisa Nakamura (1995) alitoa hoja iliyo nzito kuliko zote zilizotajwa. Aliona kuwa baadhi ya wachezaji walivaa uhusika wa watu wa Asia wa aina ileile iliyochakaa katika filamu, samurai na geisha, na akauita mwenendo huo utalii wa utambulisho. Mtalii huvaa vazi la mwenyeji kwa saa chache, hufurahia, kisha huenda zake. Mwenyeji hana uwezo wa kuvua ngozi yake. Nakamura ndiye anayeuliza swali la mlango: nani anaweza kutoka? Makala haya yanalichukua swali hilo na kuligeuza upande wa pili: vipi kuhusu mtu aliyevaa uhusika, lakini akitoka anaangamia?

4.0 Uvaaji wa Uhusika Wenye Mlango: Utani na Beni

Kabla ya kufika Kigoma, ni vyema kuona kwamba Afrika Mashariki ina mifano ya wazi ya uvaaji wa uhusika ambao kanuni zake ni kali kama za seva yoyote. Katika jamii kadhaa za Tanzania, mtani anapofika msibani anaweza kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kudai deni lake au kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Mfiwa hacheki kwa sababu amesahau msiba. Anacheka kwa sababu anajua anayetenda ni mtani na anajua kuwa mtani anayo haki ya kutenda hivyo. Mtu asiye mtani akifanya tendo lilelile, huwa amekosa adabu na anaweza kupigwa. Tendo ni moja; kinachobadilika ni ujuzi wa pamoja. Utani, hususan ule wa baina ya makabila ambao umehusishwa na mikutano ya safari na biashara ya karne ya 19, ni ujuzi wa kujifanya uliopewa hadhi ya desturi.

Ngoma ya beni inatoa mfano wa aina nyingine. Terence Ranger (1975) ameeleza jinsi vyama vya beni vilivyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, kisha vikaenea Tanganyika na kwingineko, vikishindana kwa gwaride, sare na vyeo vya kijeshi na kifalme vilivyoigwa kwa Wazungu. Marini na Arinoti yalikuwa makundi hasimu maarufu. Mpagazi au karani aliyepewa cheo kikubwa ndani ya chama alikivaa cheo hicho kwa nidhamu, na wanachama walimpa heshima inayolingana. Uhusika huo haukubaki uwanjani: vyama vilisaidiana katika maradhi na mazishi, na mamlaka ya wenye vyeo yaliandaa mambo ya kweli. Maofisa wa kikoloni walioutazama mchezo huo kwa shaka walikuwa na sababu, kwa kuwa cheo cha kuigiza kilikuwa kimeanza kufanya kazi ya cheo halisi.

Mifano hii miwili inatosheleza fasili ya Muhando na Balisidya. Kuna tendo, kuna watendaji, kuna uwanja, kuna watazamaji. Pia ina mlango: mazishi yakiisha mtani huvua nguo za marehemu, na gwaride likiisha jenerali wa beni hurudi kwenye kazi yake. Mfano wa Kigoma hauna mlango wa namna hiyo.

5.0 Uvaaji wa Uhusika Usio na Mlango: Kigoma baada ya 1972

5.1 Usomaji wa Malkki

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya Wahutu kuingia Tanzania. Wengi waliwekwa katika makazi maalumu, yakiwamo Mishamo. Wengine walijichanganya na wakazi wa mji wa Kigoma na kandokando yake. Liisa Malkki (1995), kwa utafiti alioufanya mwaka 1985 hadi 1986, analinganisha makundi hayo mawili. Waliokuwa Mishamo walijenga simulizi ya pamoja kuhusu taifa lao na walishikilia jina la mkimbizi kama cheo cha kimaadili. Waliokuwa mjini walilikwepa jina hilo. Utambulisho wao ulibadilika kulingana na aliye mbele yao: mara Muha, mara mhamiaji wa zamani, mara Mwislamu wa mjini, mara Mrundi.

Uwezekano wa kujitambulisha kama Muha una msingi wa kiisimu. Kiha na Kirundi ni lugha zenye ukaribu mkubwa kiasi cha wasemaji wake kuelewana bila mkalimani. Mtu aliyevuka mpaka kuelekea vilima vya Kasulu hakulazimika kujifunza lugha mpya. Alilazimika kurekebisha aliyokuwa nayo. Kwa istilahi za michezo, uhusika ulikuwa karibu sana na nafsi. Ugumu wake ulitokana na ukaribu huo, kwa kuwa kosa dogo la msamiati au la toni lilitosha kumfichua mvaaji.

Marc Sommers (2001) anaonyesha mwendelezo wa hali hiyo jijini Dar es Salaam, ambako vijana Warundi waliotoka katika makazi ya wakimbizi walifanya kazi ya ushonaji huku wakificha asili yao na kujitambulisha kama Watanzania. Vijana hao waliishi na hofu ya kudumu. Hakuna alama ya kuonyesha kuwa sasa mtu anasema nje ya uhusika, kwa sababu hapakuwa na nje.

Ni wazi kuwa ainisho la Bartle haliwezi kumpa mtu huyo karata. Hatafuti mafanikio ya mchezo, havumbui, haui, na japo anahitaji jamii, hajifanyi Muha kwa ajili ya kupenda mazungumzo. Jedwali la Yee nalo lingemweka chini ya ukimbiaji, na hilo lingekuwa kosa la kimantiki na la kimaadili: mkimbizi hakimbii maisha kwa kuingia katika uhusika, bali anavaa uhusika ili maisha yawezekane.

5.2 Jirani anayejua

Malkki anaweka mkazo kwa anayejificha, na anaita mbinu zake za kutoonekana. Usomaji huo una nguvu, lakini unapopimwa kwa miktadha ya ujuzi unaacha nafasi ya swali moja: kutoonekana na nani? Mgeni anayekuja kuishi miongoni mwa Waha na kusema Kiha chenye mguso wa Kirundi anaweza kumpoteza ofisa aliyetoka mkoa mwingine. Ni vigumu zaidi kumpoteza jirani wa Kasulu au wa Muyama aliyekua na lugha hiyo, ambaye sikio lake hutambua hata tofauti kati ya kilima kimoja na kingine.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi uhusika huo haukuwekwa hai na ustadi wa mvaaji peke yake. Uliwekwa hai pia na jirani aliyejua na akanyamaza. Mbele ya dola, hali ilikuwa ya ujuzi uliofungwa. Mbele ya jirani, ilikuwa ya ujuzi wa kujifanya, ileile inayomwezesha mtani kuwa marehemu kwa nusu saa. Tofauti ni kwamba mfiwa anayemtazama mtani hana cha kupoteza, ilhali jirani anayemfichia mwenzake siri anabeba sehemu ya hatari yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyobana uhuru wa mkimbizi kutoka nje ya eneo alilopangiwa bila kibali, iliongeza uzito wa ukimya wa aina hiyo kwa waliokuja baadaye na kuwekwa katika kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na Nduta iliyoko Kibondo.

Hapa ndipo kipengele cha watazamaji katika fasili ya Muhando na Balisidya kinapohitaji kufasiriwa upya. Fasili inawachukulia watazamaji kama kundi moja lililokuja kutazama. Mfano wa Kigoma una watazamaji wa aina mbili kwa tendo moja: anayejua na asiyejua. Mchezo wa mtandaoni nao ni hivyohivyo. Mchezaji anayejifanya mwanamke mbele ya wenzake wasiojua, huku rafiki zake wawili wakijua, yuko katika sanaa ya maonyesho kwa rafiki na katika udanganyifu kwa wengine. Kusema tu kwamba watazamaji wapo hakutoshi. Inapaswa kuelezwa wanajua nini.

5.3 Mwenye uhusika anapotakiwa kuuthibitisha

Kuna upande wa tatu ambao mikabala yote iliyohakikiwa haiugusi: mtu ambaye uhusika wake umevaliwa na wengine. Katika mchezo wa mtandaoni, samurai anayevaliwa na mchezaji wa Marekani hayupo pale kulalamika, na Nakamura anasema kwa niaba ya wanaofananishwa naye. Kigoma, mwenye uhusika yupo. Malalamiko ya wakazi wa mkoa huo kwamba hudhaniwa si raia wanaposafiri au wanapoomba nyaraka yamesikika hadharani mara nyingi, likiwamo Bungeni. Muha wa kweli hujikuta akitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni Muha wa Tanzania: ataje kijiji, ataje babu, ataje shule, aseme Kiswahili kwa lafudhi isiyotia shaka.

Hali hiyo ni ya kinaya kikubwa. Yule aliyeazima uhusika hujitahidi kuucheza vizuri, na yule aliyezaliwa nao hulazimika kuucheza vizuri zaidi, kwa kuwa mbele ya anayeshuku, ukweli na uigizaji huonekana kwa sura moja. Huu ni ujuzi wa shaka, na ndani yake nafsi yenyewe hugeuka kuwa uhusika. Lawama hapa haimwangukii mkimbizi peke yake, wala haitoshi kumwangushia mkaguzi peke yake. Inatokana na mpaka uliochorwa kati ya watu ambao lugha zao hazikuujua, kisha ukatumika kama kanuni ya mchezo ambao wenyeji hawakuombwa kuukubali.

Mwaka 2010 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokuja mwaka 1972 na vizazi vyao. Kwa waliohusika, hati hiyo ilikuwa mlango uliofunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 40: mtu aliweza kuwa Mtanzania bila kujifanya hakutoka Burundi. Kwa mtazamo wa makala haya, kitendo hicho cha kisheria kilihamisha uhusika kutoka ujuzi uliofungwa hadi ujuzi wa wazi.

6.0 Pendekezo la Ainisho

Kutokana na uhakiki huu, inapendekezwa kuwa mitindo ya uvaaji wa uhusika ipangwe kwa maswali mawili: nani anajua, na nani anaweza kutoka. Mitindo minne inajitokeza.

Mtindo wa kwanza ni wa makubaliano, ambapo wote wanajua na wote wanaweza kutoka. Hapa wamo mtani, mwanachama wa beni, na mchezaji wa seva ya wavaaji wa uhusika. Mtindo wa pili ni wa chombo, ambapo hakuna cha kujua kwa kuwa mvaaji hajifanyi mtu mwingine. Umbo lake ni jembe tu. Wengi wa wacheza michezo ya mapigano kwenye simu wamo humu, na kwao nadharia za Bartle na Yee zinatosha. Mtindo wa tatu ni wa pazia, ambapo mvaaji anajua na anaweza kutoka, lakini wenzake hawajui. Mtalii wa Nakamura anayejificha yumo humu, na ndipo maswali ya uaminifu yanapoanza. Mtindo wa nne ni wa hifadhi, ambapo baadhi wanajua, wengine hawajui, na mvaaji hawezi kutoka bila madhara. Mkimbizi wa Kigoma yumo humu.

Faida ya ainisho hili ni kwamba mtindo wa tatu na wa nne, ambao kwa sura ya nje ni uwongo uleule, unatenganishwa. Wote wawili wanaficha. Mmoja anaficha kwa kuwa anaweza. Mwingine kwa kuwa hana budi. Ainisho linalowaweka pamoja haliwezi kutoa hukumu ya haki, iwe katika uhakiki wa sanaa, iwe katika usimamizi wa ulimwengu wa mtandaoni. Msimamizi anayewalazimisha wachezaji wote watumie majina yao halisi ili kuwadhibiti wa mtindo wa tatu anaweza, bila kukusudia, kuwafichua wa mtindo wa nne: mwanamke anayemkimbia mume mkatili, au mtu wa kundi linalowindwa, ambaye ulimwengu wa mchezo ndio mahali pekee anapozungumza na wenzake.

Ainisho hili lina mpaka wake. Mtu anaweza kuhama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine bila kutambua, kama cheo cha beni kilivyohama kutoka mchezo hadi mamlaka. Pia lipo swali kama mtindo wa nne uitwe mchezo hata kidogo. Makala haya yanashikilia kuwa uitwe uvaaji wa uhusika lakini usiitwe mchezo, kwa kuwa mchezo, kama Huizinga alivyosisitiza, ni tendo la hiari. Kuuondoa kabisa katika uwanja wa uhakiki, hata hivyo, kungekuwa ni kukataa kuuona ustadi wa watu ambao walicheza bila mazoezi, bila matini, na bila nafasi ya kukosea.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa mikabala maarufu ya kuainisha wachezaji wa mtandaoni inatosha kueleza haja zao, lakini haitoshi kueleza uvaaji wa uhusika wenyewe. Fine na Nakamura wanatoa nyenzo bora zaidi, wa kwanza kwa swali la ujuzi na wa pili kwa swali la mlango. Fasili ya Muhando na Balisidya inabaki na thamani, kwa sharti kwamba watazamaji wasihesabiwe tu bali waulizwe wanajua nini. Mifano ya utani na beni inathibitisha kuwa jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na kanuni zilizokomaa za uvaaji wa uhusika kabla ya seva ya kwanza kuwashwa. Mfano wa nyanda za juu za Kigoma unaonyesha kuwa kanuni hizo hupimwa vizuri zaidi pale ambapo mtu hawezi kuzima mashine na kwenda kulala. Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza upande wa jirani anayejua, ambao ndio uliosemwa kwa uchache zaidi katika maandishi yaliyopo, na ambao bila yeye uhusika wa hifadhi usingedumu hata siku moja.